Niko Feri

Ameandika "niko feri" tangu alasiri.
Sasa magharibi imeadhiniwa, watu wametoka kuswali wamerudi,
filamu ya kwanza imekwisha, ile ya mbuzi aliyepanda lifti,
na mimi bado nimekitandikia mtandio kiti cha kando.
Kila apitaye namwambia, "Kina mwenyewe."
Kina mwenyewe!
Ulimi wangu una ujasiri kunishinda.

Tamasha la mwaka huu liko ukumbi wa shule, Kizingo.
Feni tatu, izungukayo moja.
Pazia la jukwaani limetiwa kiraka cha kanga,
na mshono umeumeza mwisho wa jina lake:
USINIONE NIMENY—
Nimenyamaza? Nimenyauka? Nimenyimwa?
Nimelisoma tangu saa kumi na moja, halitaki kuniambia.

Mabuyu niliyonunua mlangoni kwa Bi Mwanaesha
yalikuwa ya watu wawili.
Nikala yangu. Kisha yake, moja moja,
kila moja nikiliapia kuwa ndilo la mwisho.
Nimejitazama kwenye kioo cha simu:
ulimi mwekundu, meno mekundu,
kama niliyemng'ata mtu.
Akija sasa nitacheka vipi?
Na asipokuja, wekundu huu wote wa nini?
Tena akija na dada yake, yule mwenye macho ya karani wa mahakama?

Hizo ni hofu ndogo. Nimezitanguliza
ili nisiifikie hii:
filamu ya tatu katika orodha ni ya Muhidini.

Muhidini, naam. Yuko mstari wa mbele,
kanzu imepigwa pasi hadi inakata.
Miaka mitatu. Kisogo kile ningekijua hata gizani,
na hapa ni gizani.

Mwanamke amesimama mlangoni.
Nyumba si ile, lakini komeo ni lile lile.
Anamwambia mwanamume mwenye begi:
"Ukitoka, zima taa ya barazani."

Ukumbi ukaguna. Mtu nyuma yangu akasema, "Lo! Hilo ndilo neno."

Neno langu.
Nililisema mimi, Tudor, saa saba ya usiku,
kamasi zikinitoka,
wala sikusimama vizuri namna ile,
nilikuwa nimeshika ndoo.

Pale kwenye kitambaa cheupe mwanamume anazima. Giza. Makofi.

Hakuzima.
Iliwaka hadi alfajiri, kumbikumbi wameizingira,
hadi tokeni za stima zikaisha,
na mimi ndani nikiutazama mwanga chini ya mlango
nikidhani bado amesimama.
Katika watu mia waliomo humu
ni mimi tu nijuaye taa ile ilikula yuniti ngapi.

Mshereheshaji akauliza, nani ana swali kwa mtengenezaji?
Mkono wangu ulikuwa umeshapanda.
Nikakumbuka rangi ya ulimi.
Nikajikuna sikio.

Ndipo mtandio ukavutwa, polepole.
"Kina mwenyewe," nikasema bila kugeuka.
"Ndiye huyu," akasema Twalib,
jasho hadi kwenye kola, anahema, ananuka dizeli.
Kumbe feri ilikuwa feri kweli.

"Nimekosa nini?"

Kule mbele kisogo kilikuwa kikivishwa shada la maua ya karatasi.
"Ya mbuzi," nikamjibu. "Umeikosa ya mbuzi."
Nikasahau kufumba mdomo.
Akauona wekundu wote, hadi magego,
akanyoosha kiganja:
"Na yangu yako wapi?"

Pakiti ilikuwa tupu, chini umebaki unga na sukari.
Akachovya kidole.

Taa zikazimwa kwa filamu ya nne.
Nani aliyezizima, sikuangalia.