Ukuta wa Bi Mwanahawa

Mezani, Msimbazi ni uzi wa buluu
ulionyooshwa kwa rula.
Mhandisi Lwitiko anataja zege, malango,
upana: mita ishirini.

Bi Mwanahawa hakuitazama ramani.
Akatuongoza hadi Kigogo, chumbani kwake,
kwenye mistari ya mkaa ukutani.
Huu wa magotini, mwaka aliozaliwa Sufiani.
Huu wa kifuani, maji yalipobeba kabati.
Wa juu ya kizingiti
hakuueleza.

Lwitiko akapiga magoti, futi mkononi,
akaandika, akafuta, akaandika:
thelathini na tano.

Nje, mgongoni mwa ukuta uleule,
X nyekundu niliyoipaka asubuhi
ilikuwa bado mbichi.

“Masika haya,” akaniuliza,
akilitazama kopo langu la rangi,
“nichore wapi?”