Maneno ya Ijumaa

Nilishuka basi la Concepción, mvua ikiwa begani,
nikapanda kilima cha Lota hadi shule iliyonifunza kusoma.
Mwalimu Rosamel akanipa chaki na dakika arobaini.
"Wape maneno," alisema. "Hesabu wanazijua.
Maneno ndiyo yanayowarudisha nyumbani mwezi wa pili."

Nikaanza na UDAHILI:
chuo kukufungulia na kukuandika kwa jina lako kamili.
Kisha KITIVO.
Nolberto akasoma "kitovu", darasa likapasuka.
Hukukosea mbali, nikamwambia.
Kitovu ni pale ulipoungwa na mama;
kitivo ni pale utakapoungwa na sheria, au uuguzi, au misitu,
na ukitaka kujikata uhamie kingine kuna fomu, kuna tarehe,
na tarehe haijui kwamba mama alikuwa mgonjwa.

KREDITI. Hapa walinyamaza.
Kila mmoja aliliona daftari la Bi Ulda dukani,
jina la baba, unga, gesi, mstari mwekundu.
Hapana, jamani. Za dukani hukua ukila,
hizi hukua ukikesha.
Somo hili sita, lile nne,
unazichuma, unazihesabu, na hakuna anayekuja mlangoni kuzidai.
Kinachodaiwa ni ada. Hilo ni neno jingine, tutalifikia.
(Hatukulifikia.)

MHADHARA: mmoja anasema, mia mbili wanaandika.
Msiandike kila kitu. Mimi niliandika hata kikohozi chake.

SILABASI: karatasi ya siku ya kwanza.
Yangu niliifungia mkate.
Tarehe ya mtihani ilikuwa humo humo,
chini ya doa la siagi.

MAREJELEO: umeazima sufuria, sema ni ya nani.
Usiposema, chuo kina jina lako jipya,
hata kama uliyoichukua ni sentensi moja tu, tena fupi.

SAA ZA OFISI.
Hili nililisema polepole, kwa kuwa liliniumiza.
Niliona bango mlangoni kwa Profesa Iturrieta:
Jumanne, saa nane hadi saa kumi.
Nikadhani ndizo saa zake za kazi, asisumbuliwe.
Majuma tisa nilipita pale kwa ncha za vidole,
nimelikumbatia swali langu la kemia kama yai,
na yeye ndani, mlango haujafungwa, anangoja mtu abishe.
Juma la kumi lilikuwa mtihani.
Bisheni hodi, niliwaambia.
Swali likiwa bovu, bisheni nalo hivyo hivyo.

Ndipo Yasna, wa dirishani, akauliza: "Na UZAMIVU?"
Nilitaka kujibu, shahada ya juu kabisa, nikapita.
Lakini neno lenyewe lina maji ndani yake:
kuzama, kuzama mahali pamoja miaka minne, mitano,
hadi uibuke na kitu ambacho hakuna aliyepata kukiona.
Yasna akatazama nje, ulipo mlango wa mgodi uliofungwa,
ule ambao mahandaki yake hupita chini ya bahari.
"Babu alizama miaka thelathini na mmoja," alisema.
"Aliibuka na makaa. Joho hawakumpa."
Sikuwa na chaki ya kujibia hilo.

Kengele. Viti. Mabegi.
Bi Edelmira wa usafi alikuwa kizingitini na dekio lake,
sijui tangu neno la ngapi.
Akangoja mtoto wa mwisho atoke.
"Lile la kwanza," akanong'ona, "la kufunguliwa.
Lina mwisho wa umri?"

Sijui, nikamwambia.
Mwaka wa pili chuoni, na sijui.
Nitauliza Jumanne, saa nane. Nitabisha.

Akaitikia kwa kichwa, akashika kitambaa,
akaanza kuufuta ubao kutoka chini,
taratibu, akisoma.