Siku ya Tatu, Bombo

Baba hajajamba.
Ndiyo habari ninayoituma Muheza
kila wanapopiga: bado, bado hajajamba.
Na shangazi Mwanamkasi, aliyetufunza
kulimeza neno hilo mbele za watu,
leo analitamka kama dua,
mara tatu, kwa sauti.

Sista Namkunda anaweka kipimo
chini ya kitovu, pembeni ya bandeji,
anasikiliza kimya cha nyumba iliyohamwa.
Utumbo, anasema, ukishikwa na mikono ya watu
hununa.
Hauambiwi haraka.

Ananichorea kwa kidole juu ya shuka:
mpana huanzia hapa, karibu na nyonga ya kulia,
hupanda mpaka chini ya ini,
hukata kushoto kama mtu avukaye Ngamiani
kwa Barabara ya Nane,
hushuka, hujikunja,
ndipo mlango.
Wala hausukumi muda wote.
Hubana hapa, hulegeza pale,
hurudisha nyuma kidogo, hukanda,
hunyonya maji tone kwa tone,
kisha mara chache kwa siku, hasa baada ya chai,
hujikaza kipande kirefu
ukasukuma kwa nguvu moja.

Baba, miaka thelathini kwenye korona
akiilisha mashine majani ya mkonge,
maji ya kijani yakimchuruzika viwikoni,
anafumbua jicho moja.
"Kumbe kiwanda."
"Kiwanda, mzee. Ila hiki hakina king'ora."
"Na likizo je?"
"Ndiyo hii."
Hacheki. Nyuzi zinauma.

Usiku, kwenye benchi, napiga hesabu:
miaka sabini na mmoja bada na samaki
vimepita njia ile gizani
na hakuna hata mmoja wetu
aliyewahi kuuliza vimefikaje.

Saa kumi na nusu, taa ya kolido inalialia.
Kwanza mngurumo, mbali,
kama mtu anaburuta kiti chumba cha pili.
Kimya.
Kiti tena, karibu zaidi.
Halafu upepo, mwembamba, mrefu,
usio na haya.

"Alhamdulillahi!" anasema mgonjwa wa ngiri, kitanda cha nne,
na kitanda cha sita kinaitikia.
Sista anaandika kwenye faili, anatabasamu na kalamu:
asubuhi apewe uji, mwepesi.

Napiga Muheza. Shangazi anapokea
kabla simu haijalia vizuri.

Baba amegeukia ukutani,
anajifanya amelala.