Pembe Iliyoota Pembe

Bi Audronė Gražulienė alipanda ngazi ghorofa tatu
na theluji ya Kaunas bado mabegani,
akautandaza mchoro wangu mezani,
akavua glavu moja, akaweka kidole.
"Hapa," akasema. "Ukuta wa Skirmantas umeingia kwangu."

Nikatazama. Kweli, ulikuwa umeingia.

Kiwanja kile kimekatwa kama kipande cha keki cha mgeni wa mwisho,
kona ya nyuma nyuzi kumi na tisa tu.
Nami ukuta nilikuwa nimeuchora kwa mstari mnene,
milimita mbili,
kona nikaiachia kompyuta.

Kompyuta haina hiana, ina utii.
Iliziambia kingo mbili za nje: endeleeni mpaka mkutane.
Kwenye kona ya mraba zingekutana papo hapo.
Kwenye nyuzi kumi na tisa zilitembea,
zikatembea,
kila moja ikisubiri mwenzake ainame kwanza,
zikaja kukutana milimita sita nje ya kona.
Pembe ikaota pembe.
Kwa skeli ya moja kwa mia mbili
hiyo ni mita moja na ushei ya ardhi ya mtu,
na ndani ya mita hiyo, kiduara cha kijani:
mti wa plamu alioupanda marehemu baba yao.

Nikamweleza. Huu si ukuta, mama, ni wino.
Ukuta una unene wake, mstari una wake.
Fundi hatajenga ncha hii.
Akaniangalia kama mtu anayehesabu chenji.
"Na hakimu," akasema, "yeye husoma ukuta au husoma wino?"

Aliyenifundisha kazi, mzee Zenonas,
hakuwahi kuchagua kona.
Alichora kwa kalamu yenye mdomo wa duara,
na wino, ukifika mahali pa kugeuka, ulijitulizia wenyewe.
Ukizidi, aliukwangua kwa wembe
huku amebana pumzi,
na ofisi nzima tukabana naye.
Mimi sikwangui kitu. Mimi hufungua kidirisha.

Kona iliyochongoka. Kona iliyokatwa. Kona ya mviringo.

Nikabonyeza ya pili.
Ncha ikaruka kwa pigo moja,
kona ikabaki butu, kama kidole kilichokutana na shoka.
"Hapana," akasema, kabla sijamgeukia.
Nikabonyeza ya tatu.
Kona ikajikunja, laini kama goti la mtoto,
na mti wa plamu ukabaki peke yake katika weupe wa karatasi,
haukuguswa na mtu.

Langoni tu palikuwa na pengo, mfano wa jino lililong'oka.
Mstari unaanzia pale na unaishia pale pale,
ila nilisahau kuufunga,
na ncha mbili zisizofungwa, hata zikigusana,
kompyuta haizihesabu kuwa zimekutana.
Haiweki kona. Inaziacha hivyo, bega kwa bega, kila moja na ukingo wake.
Nilimwambia hivyo kwa sababu ya kazi tu.
Bi Audronė hakujibu. Alivaa glavu, akaivua tena.

Nikaufunga mstari. Nikachapa nakala mbili.
Printa ilikohoa, ikazitoa zikiwa na joto.
Yake aliikunja mara nne, akaitia mkobani.
Ya Skirmantas akairudisha mezani.

"Yeye ameshauona ule wa kwanza?"
"Bado."
"Basi mpelekee ule," akasema, "wenye pembe.
Aone nilichokiona.
Miaka sita hajanipigia simu.
Labda atataka kugombana."

Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi,
vikasimama ghorofa ya pili,
kitambo,
kisha vikaendelea.