Chumba cha Saramma

Mto Pamba, jina jepesi hivyo,
ulilala chumbani siku nne
ukaondoka bila kuaga.
Nyuma ya kabati ukaacha manyoya meusi.

"Paka rangi tu," alisema mumewe.

Saramma akavaa barakoa, akafungua madirisha,
akailowesha kuvu kwanza isije ikapaa vumbi,
ndipo akakwangua.
Siki na klorini ni fahali wawili:
hawakai ndoo moja,
pumzi yao inaua.

Fundi Biju akagonga lipu:
hapa zima, hapa mbovu, hapa mbovu.
Akabomoa hadi tofali.
Feni ikazunguka wiki tatu.

Kila asubuhi Saramma aliweka shavu ukutani
kama anayepima homa ya mtoto.

Leo ukuta haukumpoza.
"Sasa lete rangi," anamwambia mumewe.
"Ya njano."