Hamjui

Mwezi wa kumi, Newala, maji yana bei.
Ndoo tano, mistari mitano ya mkaa
nyuma ya mlango. Ndivyo ninavyoishi, ninahesabu:
ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga wawili,
ya kufulia, ambayo huishia kwenye mgomba,
na bakuli moja la mbwa, la bati, lenye pengo mdomoni.

Jumanne bakuli lilijazwa mara mbili.
Alhamisi mara nne.
Nikasema ni joto. Nikasema ni mabibo yanayovunda shambani,
harufu yake inamkausha koo kila mtu.
Nikaifunika ndoo kwa ungo, na juu ya ungo jiwe.

Mungu anisamehe lile jiwe.

Hakulalamika. Chakula alimaliza,
nguruwe pori aliwakimbiza mpaka bondeni.
Ila usiku alikwaruza mlango. Atoke, arudi, atoke tena.
Na chini ya mpapai, pale anapokojoa,
mchanga haukuwa na rangi wala harufu,
kama mtu kamwaga maji ya kusuuzia vikombe.
Maji ya bei ile
yanampita mwilini bila kubeba kitu.

Alfajiri nikamfuata na upawa.
Somoe alicheka mpaka akashika ua:
"Mama Nankondo, leo unakinga mkojo wa mbwa!"
Cheka, nikamwambia, ila nishikie kamba.
Akaishika kwa pindo la kanga.

Kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, niliyoichemsha,
nikaupeleka ofisi ya mifugo.
Daktari, binti wa kwa Nachinuku, hakucheka.
Alidondosha tone kwenye kioo kidogo,
akakielekeza dirishani, jicho moja kafumba,
kama anayechungulia nyumba ya watu.
"Mwepesi," akasema. "Mwepesi mno.
Figo zimeanza kuchoka."

Na damu?
"Damu tutaipima, lakini damu ni shahidi mwoga,
husubiri figo zibaki robo ndipo iseme.
Wewe umewahi. Umejuaje?"

Nikaifikiria mistari ya mkaa.
Habari ya jiwe sikumwambia.

"Hatapona," akasema, "ila tunaweza kwenda naye polepole,
pengine miaka. Dagaa wa chumvi, basi.
Na maji asikose. Hata siku moja."

Nilimwita Hamjui mwaka ule wa kesi ya mpaka,
nikisimama uani kumwita kwa sauti
ili upande wa pili wasikie, wajue nawasema wao.
Siku hizi nikiita, jina halifiki uani.
Linageukia mlangoni, linaniangalia.

Mstari wa sita nimeuchora.
Somoe aliuona alipokuja kuomba moto, hakusema neno.
Jana nimerudi kuokota korosho,
jua limekaa utosini, Hamjui kalala kivulini,
na bakuli limejaa mpaka kwenye pengo.

Sikulijaza mimi.