Tatu, Kimya, Tatu

Temuco, Jumanne, mvua ya Juni viooni.
Viti vinne vya bluu, mashine nne,
na damu yetu inatoka kutembea:
inapita mirijani, inafuliwa, inarudi
na baridi yake. Muda wa saa nne.
Runinga imeharibika tangu Machi.
Ndiyo maana tulianza kusimuliana.

Nibaldo hana haya. Alikuwa mpakia magogo,
mtu wa kutia dole gumba penye wino.
Alipofika miaka hamsini na miwili
binti yake alimwandikia kutoka Antofagasta,
naye akatembea na barua ile kifuani wiki tatu
kwa kuona aibu kumpa jirani amsomee.
"Nikaenda kukaa darasani na watoto,
magoti yanagonga dawati.
Ilinichukua hadi Septemba.
Kumbe kaandika tu: Baba, huku hakunyeshi."
Hucheka hapo, kila mara hapo,
na muuguzi humkaripia, sindano isije ikachomoka.

Herminda yeye huanzia kwenye mfagio.
Mchuuzi kamuuzia, kaenda zake.
Magharibi, hodi mlangoni: mtu karowa chapachapa,
karudi kilomita sita na chenji ya peso hamsini.
"Sikuolewa na mwanamume," husema, "niliolewa na hamsini."
Miaka arobaini na mmoja.
Sarafu anayo bado, kwenye kopo la vifungo.

Eliecer ana miaka kumi na tisa.
Husikiliza kofia imemfunika macho.
Tukimgeukia hujibu: "Mimi bado."

Na mimi, Uberlinda, mshonaji wa mapazia,
hadithi yangu ndiyo iliyokuwa kubwa.
Tetemeko. Nyumba imelala chini kama ng'ombe.
Msichana ndani ya kabati la nguo, usiku na mchana,
ananyonya kola ya koti bichi la baba yake apate unyevu,
anagonga kwa kisigino cha kiatu:
tatu, kimya, tatu.
Nimeisimulia kwa mapadri na kwa madereva wa teksi.
Daktari mmoja aliwahi kuiweka kalamu chini.

Jumanne hii nilifika kwenye kisigino
nikakwama.
Sijui kwa nini. Labda ni mashine ya Eliecer,
ililia mara tatu, ikanyamaza, ikalia tatu.

"Si mimi," nikasema.
Ni Rosalba, dada yangu.
Tulimzika miaka tisa iliyopita, na pale matangani
mtu akauliza, nani sasa atatusimulia habari ya kabati?
Nikafungua mdomo.
Nilitaka kuiazima tu.

Herminda hakufumbua macho.
"Tulijua, mama. Kabati lako mara la kijani, mara jeusi."
Akaivuta blanketi hadi kidevuni.
"Haya. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nje. Nina miaka minane.
Nilimsikia. Tatu, kimya, tatu.
Nikawatafuta kuku kwanza.
Mama alikuwa amenikabidhi kuku,
na dunia ilipopasuka
hilo ndilo agizo pekee nililolikumbuka.
Nikawatoa vichakani mmoja mmoja,
nikawahesabu, nikawahesabu tena,
huku ardhi bado inajikuna mgongo,
ndipo nikaenda kumwita mtu.

Rosalba alijua. Kwenye ufa wa mlango wa kabati
aliniona nikipita na jogoo kwapani.
Maisha yake yote aliisimulia habari ile,
kwenye arusi, kwenye foleni ya mkate,
na kuku hakuwatia hata siku moja.

Mvua. Mirija. Damu yangu
ikawa inarudi mkononi, safi
kadiri ya uwezo wa mashine.
Nibaldo alikuwa anakitazama kidole gumba chake.
Hapo Eliecer akaisukuma kofia juu,
na baada ya miezi saba nikayaona macho yake:

"Walikuwa wangapi?"

Kumi na mmoja, nikamwambia.
Na jogoo.